Kuchuliwa misuli kunaongeza kasi? Jibu kwa mkimbiaji wa Tabata

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 31, naishi Tabata, nauza duka Kariakoo, siku nzima nasimama. Nakimbia na klabu yetu ya jogingi huu mwaka na nusu sasa, na baada ya wiki tatu nitakimbia kilomita 21 kwa mara ya kwanza. Kila Jumanne anakuja fundi wa kuchua misuli. Anatumia kiwiko, na anasema usipotoa machozi asidi haitoki. Nikitoka kwake miguu inakuwa mizito siku mbili. Wenzangu wanasema ndiyo dawa yenyewe, siku ya mbio nitakuwa mwepesi. Ni kweli kuchuliwa kunaongeza kasi? Nichuliwe mara ngapi kabla ya mbio? Halafu kuna sehemu ya ugoko wa kushoto, kwa ndani, inaniuma nikibonyeza. Yeye anasema mshipa umejikunja, ataukunjua.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na huo ugoko, ingawa umeuweka mwisho wa barua kama jambo dogo.

Leo jioni kaa kitandani, weka mguu wa kushoto juu ya goti la kulia, halafu tembeza kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa ndani wa mfupa wa ugoko, kutoka karibu na kifundo kupanda juu. Kama maumivu yametanda sehemu ndefu, tuseme upana wa vidole vinne au zaidi, na ukianza kukimbia yanauma halafu yanalegea mwili ukipata moto, mara nyingi ni mfupa na nyama zinazojishikiza hapo zimelemewa na mazoezi yaliyoongezwa haraka. Hapo tunapunguza kilomita, tunaangalia viatu, tunaimarisha vigimbi, na mambo yanakaa sawa. Lakini kama maumivu yamekaa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa sarafu, kama yanazidi kadiri unavyokimbia, kama yanakuamsha usiku au yanachoma ukiruka kwa mguu huo mmoja mara mbili tatu, nashuku ufa kwenye mfupa. Ufa wa aina hii hauhitaji uanguke. Unaingia polepole, kwa kishindo kilekile kinachorudiwa maelfu ya mara juu ya lami, mfupa ukiwa haujapata muda wa kujijenga. Na wakimbiaji wapya wanaopandisha kilomita ili wawahi mbio zao za kwanza ndio ninaowaona zaidi na tatizo hili.

Neno mshipa nalo lina kazi nyingi kwetu. Kuna mshipa wa damu, kuna mshipa wa fahamu, na wapo wanaoita mshipa hata kano. Mtu akikuambia mshipa umejikunja, muulize ni upi. Pale kwenye ukingo wa ugoko, ukishatoa ngozi unakutana na mfupa karibu moja kwa moja; gusa mwenyewe utausikia. Hakuna cha kukunjua pale, na kiwiko kikiegemea juu ya mfupa wenye ufa kinaumiza zaidi. Jumanne hii mwambie asiuguse kabisa ugoko huo.

Kama ni maumivu ya sarafu, acha kukimbia kuanzia leo na nenda hospitali yenye kitengo cha mifupa. Mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji na umeongeza umbali, maana asipojua hilo anaweza kukupa dawa ya maumivu ukaondoka. Ujue pia kwamba eksrei inayopigwa wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi inatoka safi hata kama ufa upo. Picha safi siyo ruhusa ya kurudi barabarani kama mguu bado unachoma.

Sasa kasi. Hapana, kuchuliwa hakukuongezei kasi. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayekula kwa kazi hii ya mikono na ninayeipenda. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walikusanya majaribio 29 yenye jumla ya watu 1,012, wakatazama kama kuchuliwa kunabadilisha nguvu, kuruka, mbio fupi, ustahimilivu na uchovu. Hawakuona ushahidi wa faida katika yoyote kati ya hayo. Walichokiona ni viwili: viungo vinanyooka zaidi kidogo, na yale maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na keshokutwa yanapungua kidogo.

Najua klabuni watakujibu kwa Simbu. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, akimwacha Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 na wote wawili wakiandikiwa saa 2:09:48, kila mkimbiaji anayelala kwenye kitanda changu ananiambia hata kitu kidogo kinahesabika. Kinahesabika, sikatai. Ila Simbu alikuwa ameshachukua shaba ya mashindano hayohayo London mwaka 2017. Hiyo ni miaka minane katikati, kila siku ni kilomita. Wewe una mwaka na nusu. Dakika zako bado ziko kwenye vitu vikubwa: mwendo mrefu wa Jumapili usioukosa, kilima cha pale Mlimani, Chuo Kikuu, mara moja kwa wiki, na kulala kabla ya saa tano wakati umeshinda umesimama dukani.

Habari ya asidi nayo inanikera, kwa sababu watu wanaumizwa kwa jina lake. Anachokisema fundi wako ni laktiki, inayotengenezwa misuli inapofanya kazi kwa nguvu. Ukimaliza kukimbia, mwili wenyewe unaitumia kama mafuta. Moyo unaitumia, misuli mingine inaitumia, na kwa kawaida ndani ya saa moja hivi damu imerudi ilivyokuwa. Ukitaka iondoke haraka zaidi, tembea au kimbia polepole sana baada ya mbio. Sasa wewe unakimbia Jumapili asubuhi, yeye anakuja Jumanne jioni. Asidi gani anaitafuta kwa kiwiko? Maumivu unayoyasikia Jumatatu na Jumanne yanatokana na nyuzi za misuli zilizochanika kidogokidogo, hasa kwenye mteremko ambako misuli inafanya kazi huku inavutwa. Yanafika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha yanaisha yenyewe.

Kuna jaribio moja ninalopenda kuwasimulia wagonjwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachosha vijana 11 kwa baiskeli, wakamchua kila mmoja paja moja kwa dakika 10 na kuliacha la pili, kisha wakachukua vipande vidogo vya nyama kutoka mapaja yote mawili. Kwenye paja lililochuliwa, ishara zinazochochea uvimbe na maumivu zilikuwa zimeshuka, na ishara za kujenga mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya chembe, zilikuwa zimepanda. Laktiki haikuwa na tofauti. Kwa hiyo mkono unafanya kitu, na kinaonekana hata ndani ya nyama yenyewe. Angalia tu kwamba zilikuwa dakika 10, na hakuna aliyetakiwa kulia.

Sehemu kubwa ya unafuu unaousikia mezani inapitia mishipa ya fahamu. Ngozi na misuli vimejaa vihisio. Mkono wenye joto ukitembea taratibu, ubongo unaacha kuibana ile misuli, maumivu yanashuka, mguu unakubali kunyooshwa zaidi. Ndiyo maana ukiminywa mpaka ushike pumzi unapata kinyume: mwili unajikaza kujilinda, na kesho yake una michubuko ya ndani juu ya uchovu wa mbio. Miguu yako mizito kwa siku mbili ni hiyo. Umekuwa ukilipa ili uongezewe uchovu.

Wapo wanaosema wanavunja mafundo na kunyoosha utando mgumu wa pembeni ya paja, ule unaoshuka mpaka nje ya goti. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuubana utando huo hata kwa asilimia 1, wakakuta ni nguvu iliyozidi uwezo wa kawaida wa mikono ya binadamu. Kwa hiyo akikusagia kiwiko pembeni ya paja, utando unabaki ulivyo na wewe unabaki na maumivu.

Nikuambie kosa langu, maana ndilo lililonifundisha habari ya wakati. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na timu ya mtaani huku Temeke. Siku ya mechi kubwa winga wetu alikuja na nyama za paja zimembana. Nikamlaza, nikamkanda kwa moyo wote karibu dakika arobaini, miguu yote miwili, mpaka akasinzia. Kocha akafurahi, mimi nikafurahi. Mechi ilipoanza, mipira mitatu ya kwanza aliyopewa nyuma ya beki aliikosa yote, na alipotoka mapumziko akaniambia, "Kaka, miguu imelegea, kama si yangu." Nilikuwa nimemlegeza kijana aliyetakiwa kuwa kama upinde uliovutwa. Baadaye nilikuja kusoma majaribio ya mbio za mita 20 yaliyoonyesha kwamba waliochuliwa tu bila kupasha mwili moto walikimbia polepole kuliko waliopasha. Tangu siku ile, kabla ya mchezo mikono yangu haizidi dakika tano, ni ya haraka na nyepesi, na baada yake mchezaji anakwenda kupasha.

La pili ninalotaka ulibebe ni la jeraha bichi. Kwenye ndondo, ile mipira ya mtaani, kijana akipigwa goti la paja, watu wanakuja na maji ya moto na dawa ya kuchua, wanamkanda palepale mpaka jasho linawatoka. Nia yao ni nzuri, na wanafuata wanachokijua: kwetu mama aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto, basi moto unaonekana dawa ya kila kitu. Ila paja lililopigwa lina damu inayovuja ndani. Nilipokea kijana mmoja wa aina hiyo wiki nne baada ya pigo, amekandwa kwa nguvu kila jioni. Goti lilikuwa halikunji hata kufika nusu, na katikati ya paja kulikuwa na kitu kigumu kama kipande cha ubao. Eksrei ilionyesha mfupa ukiota ndani ya nyama. Inatokea damu ikikaa ndani ya misuli na kuchokonolewa. Alikaa nje miezi mitano. Siku mbili tatu za kwanza paja kama lile linataka baridi, bandeji, kuinuliwa na kuachwa.

Usikubali kuchuliwa pia ukiwa na homa, jipu au kidonda, au ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na hili lishike sana: kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kinauma, hasa baada ya safari ndefu ya basi au kulala kitandani muda mrefu, usikiguse kwa mafuta. Inaweza kuwa damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikisukumwa inaweza kusafiri mpaka mapafuni. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na ukichuliwa kwa nguvu halafu mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda usiku huohuo, kwa sababu misuli iliyopondeka inaweza kuziba figo.

Dawa za kuchua zinazowasha, zile zenye harufu kali, zinachezea ngozi zaidi kuliko misuli. Joto unalosikia ni la juu. Kidogo hakina shida. Lakini usijipake mwili mzima kila siku, na usifunge nailoni juu yake. Nyingi zina methili salisileti, inayopenya ngozi na kuingia kwenye damu. Mwaka 2007 msichana mkimbiaji wa miaka 17 kule New York alifariki baada ya kemikali hiyo kuzidi mwilini kutokana na krimu za misuli. Mimi natumia mafuta ya nazi, basi. Bibi zetu wa pwani walisinga maharusi kwa mafuta na liwa bila kumchoma mtu.

Sasa nikuonyeshe mkono mzuri unavyokuwa, ili umtambue fundi mzuri au umfundishe mtu wa nyumbani. Tuchukue kigimbi, jioni ya siku uliyokimbia mbali. Lala kifudifudi, kunja kanga uweke chini ya kifundo ili goti lipinde kidogo na kigimbi kilegee. Kigimbi kilichonyooka na kukaza hakichuliki. Mafuta kijiko kimoja, yapashwe kwanza viganjani. Dakika mbili za mwanzo ni kiganja kizima kinachopanda kutoka juu ya kisigino, kinabonyeza kikipanda, kinarudi chini kikiwa chepesi, mwendo wa mtu asiye na haraka. Kisha kukanda, na Kiswahili kimetuwekea neno lilelile la unga kwa sababu ni kitendo kilekile: unaishika nyama kati ya gumba na vidole, unainua kutoka kwenye mfupa, unaminya, unaachia, mkono wa pili unapokea. Kigimbi kina mafungu mawili, la ndani na la nje. Kila moja lipate zamu yake. Akikuta sehemu ngumu, aweke gumba na kutulia hapo kama nusu dakika huku wewe unapumua. Kwenye kipimo cha sifuri mpaka kumi, maumivu yasipite nne au tano. Ukijikuta unakunja vidole vya mguu au unazuia pumzi, amezidisha, mwambie. Asibonyeze kabisa lile bonde la nyuma ya goti. Hapo mshipa mkubwa wa damu na wa fahamu vinapita bila kinga. Amalize kwa viganja kama alivyoanza. Dakika nane kila mguu zinatosha. Majaribio yaliyolinganisha muda yalikuta dakika 5 mpaka 12 zinasaidia kurudisha hali ya misuli kuliko vipindi virefu, na huko Brazili wanariadha waliomaliza triathloni ndefu, yaani mbio za kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, walichuliwa mapaja dakika 7 tu, wakaripoti maumivu na uchovu mdogo kuliko wenzao waliokaa tu.

Ukiwa peke yako, rola, lile gogo la sponji la kujibingirishia misuli, inafanya kazi inayokaribiana na hiyo. Kama huna, mti wa kusukumia chapati unatosha kwa kigimbi, na chupa ndogo ya maji iliyogandishwa ni nzuri kuzungusha chini ya unyayo baada ya kusimama dukani kutwa. Zile mashine za mtetemo zinazouzwa hapo Kariakoo sina ugomvi nazo, mradi zisipelekwe shingoni, nyuma ya goti wala juu ya mfupa.

Kama ugoko wako ni salama, wiki tatu zako ziende hivi. Fundi umbakize, lakini kwa masharti: viganja, dakika ishirini miguu yote, na siku iwe ile isiyofuatwa na zoezi gumu. Kitu kipya au kizito chochote kiishe siku saba kabla ya mbio. Siku nne tano kabla unaweza kupata mkono mwepesi wa mwisho, kwa ajili ya kulala vizuri na kutuliza wasiwasi, na kutuliza wasiwasi ni faida halali kwa mtu anayekwenda kilomita 21 za kwanza. Asubuhi ya mbio usilale kwenye meza ya mtu, hata kama wapo pale wanachua bure. Tembea, kimbia polepole dakika kumi, zungusha nyonga, rusha miguu, ingia kwenye mstari. Ukimaliza, usikae chini mara moja. Tembea robo saa, kunywa, kula, tafuta kivuli. Viganja vya mafuta ya nazi vije jioni au kesho yake.

Yote hayo yanasubiri kidole gumba cha leo jioni. Ukikuta ni sarafu, mbio hizo waachie wenzako, uende kuwashangilia. Mfupa huo kwa kawaida unataka wiki sita mpaka nane za kuachwa kukimbia, na ukiupa, mwakani unakimbia. Niandikie ulichokikuta.